Nisipokuwepo, kikundi kinalala

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Ninalea kikundi cha wasichana 24, wa miaka 12 hadi 17. Tunakutana kila Jumamosi na huu ni mwaka wetu wa pili. Tumealika wageni wengi kuzungumza nao kuhusu uongozi, tumefanya semina za kujiamini, na kila Oktoba tunatoa vyeti. Lakini Jumamosi mbili nilizougua hakuna kilichofanyika. Walikaa, wakapiga soga, wakaondoka. Hata nikiwepo, wanaozungumza ni wale wale watatu. Mfadhili wetu anataka kuona viongozi. Ninakosea wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa kuugua. Ila nikuambie ukweli, ugonjwa wako umekufanyia tathmini ambayo mfadhili angeilipia fedha nyingi. Umegundua jambo ambalo walezi wengine hawaligundui hata baada ya miaka kumi: kikundi chako kina kiongozi mmoja tu, naye ni wewe.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ambapo wasichana wenyewe wanaamua kitu. Sikupaona. Wageni umealika wewe, semina umepanga wewe, vyeti umechapisha wewe, na hata siku ya kuvitoa nadhani umeichagua wewe. (Nahisi ni tarehe 11, Siku ya Kimataifa ya Mtoto wa Kike, ile ambayo Umoja wa Mataifa uliipitisha Desemba 2011 na dunia ikaiadhimisha mara ya kwanza 2012. Siku nzuri, ila imezaa hotuba nyingi mno za mgeni rasmi.) Wao wamekuja, wamekaa, wamesikiliza, wamepiga makofi. Miaka miwili wamefundishwa stadi moja na wameiva: kuwa hadhira. Na hadhira, msemaji asipotokea, hupiga soga kidogo kisha ikaenda zake. Walifanya kile kile ulichowazoesha.

Mwaka 1992 UNICEF ilichapisha andiko la Roger Hart lililochora ushiriki wa watoto kama ngazi yenye vipandio 8. Vile vitatu vya chini, kwa maelezo yake, si ushiriki hata kidogo: watoto kutumiwa, watoto kuwekwa kama pambo, na watoto kushirikishwa kwa jina tu. Kipandio cha juu kabisa ni pale wazo linapotoka kwa watoto wenyewe na uamuzi ukafanywa pamoja na watu wazima. Huna haja ya kuikariri ngazi nzima. Jiulize swali moja kila Jumamosi jioni: kama leo wasichana hawa wangekuwa na maoni tofauti na yangu, ni kitu gani kingekwenda tofauti? Ukiona hakuna, ujue siku hiyo walikuwa pambo, hata kama walicheka na kufurahi.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako ni fupi, ingawa kulitekeleza ni kazi: waachie uamuzi wenye uzito, kisha uvumilie matokeo yake.

Sisemi uamuzi wa rangi ya fulana. Huo tunapenda kuwapa kwa sababu hautugharimu, nao wanalijua hilo vizuri kuliko tunavyodhani. Uamuzi wenye uzito una kitu kinachoweza kupotea, una tarehe, na una mtu nje ya kikundi ambaye ataathirika. Kuandaa siku ya michezo kwa wadogo zao. Kwenda kwa mkuu wa shule kuomba vyoo vya wasichana viwekwe vitasa. Kuamua fungu fulani la fedha litumikeje. Mimi ningeanza na fedha, maana hakuna kinachomfanya mtu aamini kwamba unamwamini kama kumkabidhi fedha. Tenga sehemu ya bajeti, kiasi ambacho kikipotea chote utaumia lakini kikundi hakitakufa. Wapange wao, wapige kura wao, wanunue wao, watunze risiti wao, waje wasome hesabu mbele ya wenzao na wazazi.

Hapo ndipo walezi wengi tunaposhindwa, nami nilishindwa. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na kikundi kama chako. Mweka hazina wetu alikuwa msichana wa miaka 14, mpole, mwenye mwandiko wa kupendeza. Tulikuwa tunachangisha kwa ajili ya kambi ya siku mbili. Usiku wa kuamkia kikao cha wazazi nilipitia daftari lake nikaona matumizi hayakubaliani na salio. Risiti moja aliiandika mara mbili. Kosa la dakika tano. Nikachukua kalamu, nikarekebisha, tena nikajitahidi mwandiko ufanane na wake, nikaenda kulala nikijiona mlezi mwema. Kesho yake alifungua daftari mbele ya watu akakuta tarakimu asizozijua. Alisimama akizitazama. Halafu akanitazama mimi. Akasoma, wazazi wakapiga makofi, akakaa. Mwezi uliofuata akaomba kuachia nafasi. Nilipomuuliza sababu alisema, "Mwalimu unajua zaidi." Muda wote niliobaki pale hakugombea tena nafasi yoyote.

Nilichotakiwa kufanya usiku ule ni kumwambia, "Salio halikubali, litafute," kisha nikae naye mpaka alipate. Na kama muda haukuruhusu, ningemwacha asome vile vile, mzazi mmoja ainue mkono aulize, naye ajibu, "Nimekosea, wiki ijayo nitaleta hesabu sahihi." Msichana aliyewahi kusema maneno hayo mbele ya watu wazima na akatoka mzima, huyo umempa kitu ambacho semina haina.

Lakini kukosea kuna aina mbili, usizichanganye. Kuna kosa la aibu na kuna kosa la hatari. Kusahau kuomba uwanja, kununua vitu pungufu, kuandika tangazo lenye tarehe isiyo sahihi, kuzozana hadi kikao kivunjike: hayo ni ya aibu, yaache yatokee, uwe karibu tu. Kusafiri usiku, kukutana na mtu mzima asiyejulikana, picha zao kusambazwa, kwenda kumkabili mtu anayewadhuru watoto: hayo ni ya hatari, na hapo huna sababu ya kuona haya kusema hapana. Waambie tangu siku ya kwanza kwamba wewe huna kura katika vikao vyao, ila una neno moja la mwisho kuhusu usalama, na kila ukilitumia utaeleza sababu. Wasipoona mpaka umekaa wapi watahisi uko kila mahali. Na wakija na siri ya mmoja wao anayeumizwa nyumbani au shuleni, hilo si zoezi la uongozi. Ni kazi yako na ya vyombo vinavyohusika, wala msichana asiachiwe kulibeba.

Sasa tuje kwa wale watatu.

Kundi la watu 24 lililokaa duara moja ni mahali pazuri sana pa kujificha. Anayejua kusema atasema, na aliyebaki atashukuru kwamba kuna anayesema. Wagawe. Vikosi vinne vya sita sita, umri uchanganyike, na wale wasemaji wako watatu kila mmoja kikosi chake. Sita ni wachache kiasi kwamba mmoja akinyamaza nusu saa wenzake wataona.

Wazo hili si langu, lina zaidi ya miaka mia. Mwaka 1909 skauti wavulana walikusanyika Crystal Palace, London, na miongoni mwao wakajitokeza wasichana waliojivalia kofia za skauti, hawakualikwa na mtu, wakitaka nao watambuliwe. Mwaka uliofuata, 1910, Girl Guides wakaanzishwa, na uongozi wa mwanzo akashika Agnes Baden-Powell, dada wa mwanzilishi wa skauti. Leo chama chao cha dunia kina wanachama katika nchi zaidi ya 150. Sare zimebadilika, beji zimebadilika, lakini vikosi vidogo bado vipo: wasichana sita hadi wanane, anayewaongoza ni mwenzao, na viongozi wa vikosi wanakaa baraza moja kupanga mambo ya kundi zima. Huwa napenda kuwakumbusha walezi mwanzo wenyewe wa chama hiki. Wasichana wale hawakuwamo katika ajenda ya mtu mzima yeyote.

Ukishagawa vikosi, usikimbilie uchaguzi. Kura ya kwanza itakurudishia wale wale watatu, maana watoto, kama watu wazima, humchagua aliyekwisha kuonekana kiongozi. Weka zamu kwanza. Kila kikao cha kikosi kina mwenyekiti na katibu wake wa siku, na zamu izunguke mpaka wote sita wakalie kiti. Uchaguzi uje baada ya hapo, wakishaonana kazini, na nafasi iwe ya miezi mitatu au minne, si ya mwaka mzima. Nafasi fupi ina faida mbili: anayeogopa anathubutu kwa sababu si kifungo cha maisha, na anayependa ukubwa anajifunza kushuka.

Nikuonyeshe kikao cha kwanza cha mwenyekiti mpya kinavyokwenda, usije ukadhani kimeharibika. Namkumbuka msichana wa miaka 13, mkimya wa kutupwa, zamu yake ilipofika. Tulimpa karatasi ndogo yenye maneno manne tu ya kumwongoza: Nafungua kikao. Nani hajasema? Tunaamua nini? Nani atafanya, na lini? Aliishika kwa mikono miwili. Akasema, "Nafungua kikao," kisha kimya. Kimya kikarefuka. Mwenzake mmoja akacheka, mwingine akageuka kunitazama mimi, na mwenyekiti naye akanitazama. Hapo ndipo penye mtihani wa mlezi. Ukikutana na macho yale utasema tu, utasema "haya, endeleeni, ajenda ya kwanza…", na kikao kimerudi kwako. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na mlango, nashona kifungo. Sindano na uzi naenda navyo makusudi mpaka leo. Mtu anayeshona hana uso wa kutazamwa. Nikahesabu moyoni. Nilipofika 17 mmoja wao akasema, "Si tuanze na la uwanja?" Mwenyekiti akatazama karatasi yake, akasema, "Ee, uwanja. Nani hajasema?" Wote wakacheka kwa sababu hakuna aliyekuwa amesema. Basi kikaanza. Kilichukua dakika 50 kuamua jambo ambalo mimi ningeliamua kwa dakika mbili, na dakika 48 za tofauti ndizo mafunzo yenyewe.

Kwa wale wakimya zaidi ya huyo, zipo njia ndogo ndogo zinazosaidia kuliko kuwahimiza "changamkeni, jiaminini." Kabla ya mjadala mpe kila mmoja dakika mbili aandike wazo lake, kisha wazungumze wawili wawili, ndipo waje kwenye kikosi, aliyekwisha kusema kwa mmoja atasema kwa sita. Au kila mmoja aingie na vijiti vitatu, akisema anaweka kimoja chini, na vikimwishia anasikiliza mpaka wengine wapunguze vyao. Wale watatu wako watalalamika siku ya kwanza. Waite kando uwape kazi ngumu zaidi: mwezi huu uongozi wao utapimwa kwa idadi ya watu waliowafanya waseme. Kuna msemaji mzuri anayejua kuzungumza na hajui kabisa kuongoza, na ni vema alijue hilo akiwa na miaka 15.

Usidhani ukimya huu wamezaliwa nao. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa Marekani kwa watoto wadogo. Walipoulizwa ni nani "mwenye akili sana sana," watoto wa miaka mitano, wavulana kwa wasichana, walielekea kuwataja watu wa jinsia yao wenyewe. Walipofika miaka sita na saba, wasichana walikuwa wameanza kuacha kuwataja wa kwao, na mchezo ukisemwa ni wa watoto wenye akili sana, hamu yao ikapungua. Miaka sita! Wewe unawapokea wakiwa na 12. Huyo anayesema "sijui" kabla hujamaliza swali ana nusu ya umri wake akijizoeza kusema hivyo, kwa hiyo usimtarajie ageuke kwa semina ya mchana mmoja.

Kuhusu stadi, nina ushauri mmoja nitakaoukazania kuliko mengine. Acha kufundisha "uongozi" kama somo la jumla, fundisha vitu vyenye mkono na mguu: kuendesha kikao, kuandika muhtasari wa kikao, kusoma bajeti, kuandika barua ya maombi na kufuatilia jibu, kupinga hoja bila kumtukana mwenye hoja, na hasa kujadiliana mpaka mwafaka. Nina sababu ya kukitaja hicho cha mwisho. Lusaka, Zambia, watafiti waliwafundisha wasichana wa darasa la nane jinsi ya kujadiliana, kwa wiki mbili tu: jua unachokitaka, muulize mwenzako anachokitaka na kwa nini, sogea pembeni hasira zikipanda, tafuteni pamoja njia inayowafaa wote wawili. Wakafuatiliwa miaka mitatu, na mwenendo wao wa elimu ukaonekana bora kuliko wa wenzao. Kinachonivutia zaidi ni kundi la pili. Hao walipewa mahali salama pa kukutana na wenzao bila mafunzo hayo, na matokeo hayakubadilika. Kukutana na kufurahi pamoja ni jambo jema, silidharau hata kidogo, ila usilitegemee likuzalie kiongozi.

Na zoezi la kujadiliana lisiwe la kuigiza tu. Wanalo la kweli kila wiki: kuomba ruhusa nyumbani. Nina hakika kuna wanaochelewa kwako au kukosa kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya kufua na kulea wadogo. Mara nyingi mlezi hulitatua kwa kupiga simu kwa mzazi. Usipige. Kikosi kikae na mwenzao, wamuulize mama anahitaji nini na kwa saa ngapi, watafute pendekezo, wafanye mazoezi, mmoja akicheza mama mkali, kisha aende akaliombe mwenyewe. Wakati mwingine atarudi na jibu kwamba saa ya kikao ihamishwe. Basi ihamishwe, tena kwa kura yao; pengine ni wewe uliyechagua saa mbaya.

Umesema mmealika wageni wengi. Sikatai wageni. India ilipitisha marekebisho ya katiba yaliyoanza kutumika 1993, yakitaka theluthi moja ya viti na nafasi za wenyeviti katika mabaraza ya vijiji ziende kwa wanawake, na kwa kuwa vijiji vya kupewa mwenyekiti mwanamke vilipatikana kwa bahati nasibu, watafiti waliweza kulinganisha. Katika vijiji 495 vya Bengal Magharibi, pale palipoongozwa na mwanamke kwa vipindi viwili vya uchaguzi, pengo la matarajio ambayo wazazi walikuwa nayo kwa binti na kwa mtoto wa kiume lilipungua kwa asilimia 25, na kwa vijana wenyewe kwa asilimia 32. Pengo la elimu kati ya wasichana na wavulana likafutika, na wasichana wakapunguziwa muda wa kazi za nyumbani. Ila soma tena: vipindi viwili. Mwanamke yule hakuja kutoa hotuba ya saa moja na kupiga picha. Alionekana kazini miaka na miaka, akikosea na kupatia, akizomewa na kusikilizwa, na wazazi wakimtazama.

Ndiyo maana ningekushauri upunguze wageni wanaokuja kwako, uongeze wasichana wanaokwenda kwao. Wawili wawili wakakae kwenye kikao halisi cha kamati ya shule, cha ushirika, cha baraza lolote linaloongozwa na mwanamke, kisha waje waeleze wenzao waliona nini. Na mgeni akija, mkataze kusimulia alivyofanikiwa. Mwombe asimulie uamuzi mmoja uliomshinda, na wasichana wamhoji wao.

Lakini mfano ulio karibu zaidi nao ni msichana anayewapita miaka mitatu minne. Nchini Uganda shirika la BRAC liliendesha vilabu vya wasichana vilivyokuwa wazi alasiri tano kwa wiki, vikiongozwa na vijana wa kike waliowazidi umri kidogo tu, vikifundisha stadi za maisha pamoja na kazi za mikono za kujipatia kipato. Baada ya miaka minne, katika jamii zenye vilabu wasichana wengi zaidi walikuwa na shughuli ya kipato, na mimba za utotoni zilikuwa zimepungua kwa karibu theluthi moja. Mpango wenye jina lile lile ulipopelekwa Tanzania, tathmini haikuona mabadiliko ya maana katika mengi ya hayo, na sababu iliyoonekana ni utekelezaji uliobanwa na uhaba wa rasilimali. Nakutajia yote mawili ili mfadhili wako akisema "tuige mpango wa mahali fulani" uwe na la kumjibu: tuige na bajeti yake, na idadi ya siku zake, na walezi wake. Wewe pia wasichana wako wa miaka 17 wako mlangoni wanaondoka. Usiwaage kwa cheti. Wape vikosi vya wadogo wavilee, na wewe uwalee wao.

Wavulana je? Hukuuliza, lakini utaulizwa. Kikao cha wasichana peke yao ni karakana: wanajaribu, wanavunja, wanaunda upya bila kutazamwa. Kazi yenyewe iko nje, kwenye madarasa na kamati zilizochanganyika. Baada ya miezi kadhaa wapeleke huko, wakaendeshe jambo moja pamoja na wavulana, kisha warudi karakanani kuzungumza kilichotokea: nani alikatizwa kauli, nani aliachiwa kuandika na kufagia, walifanya nini.

Umebaki mfadhili. Wafadhili nao ni watu, wameona picha ya Malala Yousafzai, yule msichana wa Pakistan mtetezi wa elimu ya wasichana, akipokea Nobeli ya Amani mwaka 2014 akiwa na miaka 17 na sasa kila mmoja anamtaka wa kwake ndani ya mradi wa miezi kumi na minane. Wakumbushe kwa upole kwamba alianza kuandika kwa ajili ya BBC mwaka 2009, akiwa na miaka 11, na alikulia katika nyumba ya baba mwenye shule aliyekuwa akimsikiliza. Halafu wape kitu cha kuhesabu kilicho bora kuliko vyeti. Ni wasichana wangapi wameshaendesha kikao. Ni maamuzi mangapi yaliyofanywa na kura yao, na mangapi yalitekelezwa. Kati ya wote 24, ni wangapi walisema kitu katika kikao cha mwezi huu. Mtu aketi na daftari apige alama kila mmoja anaposema, hata mtoto anaweza. Ni wangapi wamegombea nafasi nje ya kikundi, wakishinda au wakishindwa. Aliyegombea akashindwa, akarudi akaeleza kwa nini, mhesabu mara mbili. Na kipimo chako mwenyewe ulichokipata kitandani: nini kilifanyika siku ambayo hukuwepo.

Hicho kifanye kiwe cha makusudi. Jumamosi ijayo gawa vikosi, toa karatasi za maneno manne, kabidhi lile fungu la fedha, panga zamu. Jumamosi ya pili na ya tatu kaa karibu na mlango na kazi yako ya mkono. Ya nne usiende. Mwombe mtu mzima mwingine unayemwamini awepo kwa ajili ya usalama, umwapishe asiongoze chochote, na katibu wa siku akuletee muhtasari wa kikao wiki hiyo hiyo. Wa kwanza utakuwa na mistari mitatu na makosa ya tahajia. Usiyasahihishe.

Niandikie baada ya miezi mitatu. Ningependa kujua msichana wa nne kuzungumza alikuwa yupi, na alisema nini.